Dereva mwenzangu ana barua ya daktari asifunge mkanda, inakubalika kwenye trela?

Habari wakuu. Naendesha trela huku Marekani, mizigo ya kuvuka majimbo, tunapokezana usukani na jamaa mmoja. Kapasuliwa tumbo juzijuzi na mkanda ukibana pale kwenye mshono anaumia kweli, daktari wake kampa barua kwamba asamehewe mkanda. Anasema jimboni kwao barua hiyo inatambulika kwenye gari lake dogo, sasa anataka aitumie hata kwenye lori akiwa amekaa pembeni. Namuonea huruma ila leseni yangu nayo naihofia. Mwenye kujua anisaidie

mzigo_mzito: Mkuu usikubali. Majimbo mengi yanaitambua hiyo barua lakini hiyo ni sheria ya jimbo, lori la biashara linalovuka majimbo linafuata kanuni za FMCSA, mamlaka ya serikali kuu ya usalama wa malori, soma kifungu cha 392.16, dereva lazima afunge na tangu 2016 abiria wa malori ya mizigo nao wameingizwa, na wa kuhakikisha abiria kafunga ni wewe uliyeshika usukani, kampuni nayo inabanwa humohumo. Sehemu ya barua ya daktari haimo. Uingereza ndo wana cheti cha msamaha anachotoa daktari, huku kwenye malori hakuna.

Muuliza: Asante sana. Na akijilaza kule nyuma kitandani wakati mimi naendesha?

mzigo_mzito: Akalale tu, ila kitanda nacho kina mikanda au wavu wake wa kumzuia asirushwe ukipiga breki, ni lazima kiwepo, aufunge.

nesi_wa_zamu: Jamani mimi nauguza watu waliopasuliwa, naomba nisikike. Mkanda wa chini haukai tumboni!! Unashuka mpaka kwenye mifupa ya nyonga, wengi wanaupandisha juu ya kitambi ndo maana unawaumiza, na gari likigonga unakandamiza utumbo badala ya mfupa. Aushushe, wa juu upite katikati ya kifua, kama mshono uko chini kabisa aweke kitambaa laini kwanza. Bado unauma? Basi hajapona, na mtu ambaye hawezi kuvumilia mkanda atakanyagaje breki ya ghafla na mzigo wote ule nyuma

mzigo_mzito: Nesi kasema kweli. Na mkuu, ugonjwa ukipunguza uwezo wa dereva kufanya kazi inabidi apimwe upya afya hata kama kadi yake ya kupimwa afya ya udereva haijaisha muda, kifungu cha 391.45 hicho. Mwambie aongee na kampuni apewe likizo kabla hamjapakia mzigo mwingine.