Li Zicheng aliuawa mlimani Jiugong mwaka 1645, au alizeeka akiwa mtawa?

Mwalimu wa Kalenga:
Kamwene, ndugu zangu. Ninafundisha historia katika sekondari moja hapa Iringa, na wiki iliyopita mwanafunzi wa kidato cha tano alinibana. Tulikuwa tunazungumzia kuanguka kwa nasaba ya Ming nchini China, na jinsi Li Zicheng, mzaliwa wa Mizhi katika jimbo la Shaanxi mwaka 1606, aliyekuwa tarishi wa vituo vya farasi vya serikali hadi vituo hivyo vilipopunguzwa ili kubana matumizi, alivyojiunga na wakulima wenye njaa, akawa kiongozi wao, na mwezi Aprili 1644 akaingia Beijing siku ile ile ambayo mfalme Chongzhen alijinyonga kwenye kilima nyuma ya kasri lake. Baada ya siku zipatazo arobaini alikuwa mkimbizi, kwani jenerali wa Ming, Wu Sangui, aliwafungulia Wamanchu, watu wa kaskazini-mashariki waliokuja kuitawala China, lango la Shanhaiguan kwenye Ukuta Mkuu. Nikamalizia kwa kusema kwamba aliuawa mwaka 1645 katika mlima Jiugong, wilaya ya Tongshan, jimbo la Hubei. Kijana akauliza, "Maiti yake nani aliiona?" Nikanyamaza.

Huko Shimen, jimbo la Hunan, nako kuna kaburi la mtawa wa Kibudha ambaye wengine wanasadiki kuwa ndiye yeye. Ushahidi umeelemea upande gani?

Msomaji wa Uyole:
Mwalimu, kijana wako ameuliza swali lile lile lililoulizwa na watawala wa Kimanchu wenyewe, tena mwaka ule ule.

Aliyekuwa akimwinda Li ni mwanamfalme Ajige. Ripoti yake ilieleza kwamba, kwa maelezo ya askari waliotekwa, Li alikimbilia Jiugong akiwa na watu wapatao ishirini tu, akazingirwa na wanakijiji, na alipoona hana pa kupenya akajinyonga. Ajige akatuma mtu aliyemfahamu Li aende kuutambua mwili, lakini ulikuwa umekwisha kuoza na haukutambulika. Haikupita muda mrefu Beijing ikapata tetesi kwamba Li yuko hai katika jimbo la Jiangxi, na Dorgon, aliyeshika madaraka kwa niaba ya mfalme ambaye bado alikuwa mtoto, akamkaripia Ajige kwa kuleta habari zinazopingana. Kwa hiyo shaka hii haikubuniwa na wapenda hadithi wa siku za baadaye.

Ripoti ya pili ilitoka upande wa wafuasi wa Ming waliobaki kusini. He Tengjiao, afisa wao mkubwa katika eneo hilo, naye alitangaza kuwa Li alikufa Jiugong mikononi mwa wanakijiji, lakini hakuwa na kichwa cha kuonyesha. Masimulizi ya Tongshan yanamtaja hata mwanakijiji mmoja, Cheng Jiubo, kuwa ndiye aliyepambana naye. Angalieni tofauti iliyopo: kwa Ajige Li alijinyonga, kwa wengine aliuawa na wakulima. Hata hivyo, maadui wawili wasioelewana wanapotaja mlima mmoja na mwaka mmoja, mimi nauchukulia huo kuwa ushahidi mzito, japo kila mmoja wao alitamani sana Li awe amekufa.

Binti wa Makete:
Shikamooni wakubwa. Naomba hoja ya mtawa isipuuzwe haraka, maana ina mantiki yake.

Katika karne ya 18 afisa mmoja aliyeitwa He Lin alifika katika hekalu la Jiashan huko Shimen, akamkuta mtawa mzee aliyewahi kumhudumia mtawa mkuu wa zamani. Aliambiwa kwamba mtawa huyo alifika miaka ya mwanzo ya utawala wa Kimanchu, hakusema ametoka wapi, na lafudhi yake ilikuwa ya watu wa Shaanxi. Alifariki mwaka 1674 akiwa na umri wa miaka kama sabini, umri unaolingana na wa Li. Jina lake la kitawa lilikuwa Fengtian Yu. Neno "Fengtian" lilikuwamo katika cheo ambacho Li alijipa wakati wa uasi, na herufi ya "yu", yaani johari ya jade, ni herufi ya "mfalme" iliyoongezwa nukta moja. Wanaoiamini habari hii wanasema kwamba mfalme alijificha nyuma ya nukta.

Sababu ya kujificha nayo ipo. Jeshi lake lilihitaji kuungana na wafuasi wa Ming dhidi ya Wamanchu, na nani angekaa meza moja na mtu aliyesababisha kifo cha Chongzhen? Ilikuwa heri atangazwe amekufa. Na kweli, mpwa wake Li Guo pamoja na mjane wake, Bibi Gao, waliliingiza jeshi upande wa Ming mwaka huo huo wa 1645.

Mzee wa Njombe:
Marahaba, binti yangu. Hoja umeipanga vizuri, ila mimi naisoma kinyume. Jeshi linaloona kiongozi wake amekufa nalo lingefanya hivyo hivyo, lingetafuta pa kujishikiza.

Tena fikirini mabaki ya jeshi hilo. Li Laiheng, mtoto wa kulea wa Li Guo, aliendelea kupigana katika milima ya Hubei hadi mwaka 1664, alipojiteketeza kwa moto pamoja na familia yake. Shimen iko mpakani na Hubei. Tukubali kwamba mtu aliyewahi kuiteka Beijing alikaa jirani, akisali, watu wake wakimalizwa mmoja mmoja, kisha akaishi miaka kumi zaidi? Moyo wangu unakataa, ingawa moyo si ushahidi.

Halafu kuna jicho. Mwaka 1641, alipouzingira mji wa Kaifeng, mshale ulimpiga katika jicho la kushoto. Mtu akiniletea habari za mtawa, jambo la kwanza nitakalouliza ni hilo, kabla ya jina na lafudhi. Kwenye maiti iliyooza katika joto la Hubei, alama hiyo isingeonekana. Huku kwetu kwenye baridi labda Ajige angepata bahati zaidi.

Mwalimu wa Kalenga:
Nawashukuru sana. Mzee, uliposema habari za alama nilikumbuka fuvu la Mkwawa, mtwa wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898, Wajerumani wakakichukua kichwa, na fuvu lililorudishwa Kalenga mwaka 1954 lilichaguliwa kati ya mengi huko Bremen kwa kutazama vipimo na tundu la risasi, na hadi leo wapo wanaouliza kama ndilo. Kwa Li hata fuvu la kubishania halikupatikana.

Jumatatu nitamjibu kijana kwamba aliyetumwa kuiona maiti aliiona asiitambue, na kwamba mimi naegemea Jiugong kwa sababu alizotoa Msomaji wa Uyole. Ile nukta ya jade nitaichora ubaoni, kwa kuwa najua ndiyo watakayoikumbuka.