Tipa inabeba mawe ya ohinga kujengea maduka, na sisi tunajigamba na UNESCO!!

Wadau mniwie radhi, leo nina hasira. Juzi nilikuwa ocha, kijijini huko Migori, Kenya, nikapitia kale kaohinga kadogo (ohinga ni boma la kale la kuta za mawe) karibu na shamba la shangazi, si ile kubwa ya Thimlich iliyo kwenye orodha ya UNESCO, haka hakana hata kibao, nikakuta tipa imerudi kinyumenyume hadi ukutani na vijana wawili wanarusha mawe ndani. Kuuliza, naambiwa kuna mtu anaweka msingi wa maduka. "Boss, haya ni mawe tu, hayana mwenyewe."

Hayana mwenyewe??

Kwa wale mnaodhani ni rundo la mawe, hizo kuta hazina simiti wala udongo, jiwe linabanwa na jiwe mwenzake, ukuta wa nje, ukuta wa ndani, na katikati wakajaza mawe ya kuzishonanisha. Thimlich kuna mahali zinapita mita 4 na zimesimama tangu karne ya 16 hivi. Sasa wewe chomoa ya chini kama wale vijana uone kama zitamaliza masika moja. Upande wa mlango umeshaporomoka, na huo mlango ndio nilikuwa naupenda nikiwa mtoto, mfupi makusudi kabisa, adui aingie ameinama atangulize kichwa akutane na rungu. Lile jiwe refu la juu yake nimeliona kwa macho yangu liko kwa tipa.

2018 Thimlich ilipoingia orodha ya UNESCO kila mtu alikuwa mzalendo. Sawa, lakini ohinga kanda hiyo ya ziwa zimehesabiwa zaidi ya 500, hizo zingine nani anaziangalia? Nimeenda ofisi moja kuripoti (siitaji), jamaa ananiuliza bila kuinua macho kwa simu, "Imetangazwa kwenye gazeti la serikali?" Yaani kama haijatangazwa ni ruksa kubeba! Na sheria ya turathi tunayo tangu 2006.

Na msiniletee za maendeleo hapa, mawe yamejaa kila shamba huko, shangazi analima akiyatupa pembeni. Haya wanayataka kwa sababu kuna watu walishaumia mgongo kuyakusanya.

Picha ninazo. Mwenye kujua mtu wa kupigiwa ambaye anashika simu aniambie, tipa inarudi Jumatatu.