Nimepandisha keneli hadi 6.12 na grafiki haiwaki: je, nijenge upya vifurushi vyote?

Kifaranga: Wakuu, naomba ushauri. Nimepandisha keneli (kiini cha mfumo wa Linux) kwenye Gentoo, Linux ambayo vifurushi vyake hujengwa kutoka msimbo, kutoka 6.6 hadi 6.12, na tangu nilipowasha kompyuta upya ninaishia kwenye maandishi matupu, huku VirtualBox, programu ya mashine pepe, ikikataa kufungua mashine yoyote. Je, nijenge upya vifurushi vyote, au ni vichache tu vinavyotegemea keneli?

MzeeWaTaminali: Mimi nauliza kwanza kwa nini vijana mnakimbilia mapya, ilhali 6.6 ni toleo linalotunzwa kwa muda mrefu. Seva yangu siigusi mpaka iombe yenyewe, na haijawahi kuomba.

Shoka: Programu za kawaida huzungumza na keneli kwa miito ya mfumo, ambayo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ni mkali sana isivunjwe, kwa hiyo kivinjari chako hakihitaji kujengwa upya. Kinachovunjika ni moduli (vipande vya msimbo vinavyopakiwa ndani ya keneli) zinazokaa nje ya msimbo wa keneli, kama za kadi ya grafiki ya NVIDIA na za VirtualBox, kwa kuwa mambo ya ndani ya keneli hayana ahadi hiyo, na kila moduli hubeba alama ya toleo ililojengewa. Tumia `emerge @module-rebuild`, amri ya Gentoo ya kujenga upya moduli hizo.

Kifaranga: Nilishaitumia kabla ya kuja hapa. Ilimaliza bila kosa lolote na hali ni ileile, ndiyo maana nimeanza kujenga mfumo mzima kwa `--emptytree`.

Pilipili: Hongera. Feni yako itakusimulia hadithi mpaka asubuhi.

Shoka: Kiungo cha `/usr/src/linux`, kinachoonyesha msimbo wa keneli wa kujengea, kinaelekea wapi? Na ukiwasha kwa 6.6, grafiki inakuja?

Kifaranga: Kiungo sijakigusa, bado kinaelekea 6.6. Kuwasha kwa 6.6 siwezi, kwa sababu nilifuta keneli hiyo kwenye `/boot` pamoja na saraka yake ya `/lib/modules`, nikabakiza msimbo tu. `/boot` ilikuwa imejaa, na sidhani kwamba kuna mtu angefanya vinginevyo.

Hakimu: Kisa hiki kimetungwa. Moduli za 6.6 umezifuta, kiungo kinaelekea 6.6, na bado unasema moduli zimejengwa salama. Zimekwenda wapi? Nadhani tunafanyiwa mtihani hapa.

Shoka: Hakimu, kisa kinawezekana kabisa. Emerge hufuata kiungo, haifuati keneli inayoendesha mashine wakati huo. Kifaranga, tazama ndani ya `/lib/modules`.

Kifaranga: Saraka ya 6.6 imerudi! Ndani yake mna moduli za NVIDIA na VirtualBox peke yake.

Shoka: Ndizo hizo, zimejengewa keneli ambayo huna tena. Tumia `eselect kernel list`, chagua 6.12 kwa `eselect kernel set`, kisha rudia `emerge @module-rebuild`.

Kifaranga: Grafiki imewaka, na VirtualBox imekubali baada ya `modprobe vboxdrv`. Ujenzi wa mfumo mzima, hata hivyo, nimeuacha uendelee, kwa kuwa GCC na LLVM (vikusanyaji msimbo vinavyochukua muda mrefu kujengwa) zimeshapita na ningesikitika kuzipoteza.

Hakimu: Bado siamini. Weka mstari wa `vermagic` (ile alama ya toleo) kutoka `modinfo nvidia`.

Kifaranga: Unaanza na 6.12.

Hakimu: Basi nimekubali. Ila `/boot` inayojaa kwa keneli mbili tu, hiyo nayo ifungulie uzi wake.