Mume wangu ana ugonjwa wa misuli wa kurithi, nahofia saratani. Naombeni ushauri

MamaElsa: Habari wakuu. Nipo Göteborg, mume wangu ni Mswidi, miaka 46, ana distrofia ya mayotonia aina ya kwanza. Nasikia wenye ugonjwa huu hupata saratani kuliko wengine. Ni kweli? Silali.

Kijana wa Pangani: Pole dada. Shemeji yangu alipooza mguu, tukamkanda mafuta ya nyonyo miezi 3, leo analima.

NesiMstaafu: Ni kweli. Utafiti wa 2011 wa wagonjwa 1,658 wa Uswidi na Denmark ulikuta 104 wamepata saratani, kama mara mbili ya watu wengine. Hasa utumbo mpana, ubongo, mji wa mimba na ovari. Lakini mdogo wangu, hofu imeanzia wapi?

MamaElsa: Nimesoma tu.

NesiMstaafu: Sema.

MamaElsa: Anatoa damu chooni, mwezi wa pili sasa. Ila choo kigumu anacho miaka yote, itakuwa bawasiri. Alipangiwa kipimo cha kamera tukaahirisha, maana mama yake alipewa dawa ya usingizi, akapumulia mashine siku 3. Tiketi za Moshi tumeshakata, shangazi ana dawa.

Mzee wa Kilosa: Ndoa za mbali hizo. Ungeolewa huku ungeuguza malaria tu.

Sidanganyiki: Chai hii. Ugonjwa wa misuli huwapata watoto wa kiume na hufa vijana. Huyo wa miaka 46 katoka wapi?

MamaElsa: Huo ni wa Duchenne. Huu hurithiwa na wa kike na wa kiume, nusu kwa nusu. Siku ya kwanza alinipa mkono, vidole vikakaza, akashindwa kuniachia. Wiki iliyopita binti yetu, miaka 15, ameshindwa kuachia kitasa cha mlango. Hiyo nayo chai?

Sidanganyiki: Nisamehe dada.

NesiMstaafu: Mnaogopa kwa haki, dawa za usingizi huwabana kweli pumzi. Lakini kamera ile huweza kufanywa mtu akiwa macho. Waambieni ugonjwa mapema, wampime na umeme wa moyo kwanza. Damu ya miezi miwili haisubiri shangazi.

MamaElsa: Tiketi hazirudishiwi pesa.

Kijana wa Pangani: Dada, achana na tiketi.

MamaElsa: Kesho saa mbili wakifungua napiga simu. Yeye hajui kama nimewaandikia.