Kamera inadai nenosiri kila ninapoiwasha baada ya kusasisha programu dhibiti

Mpiga Picha wa Ndege

Wanajukwaa wenzangu, naomba msaada katika jambo linalonisumbua tangu niliposasisha programu dhibiti ya kamera yangu, yaani programu ya ndani inayoiendesha. Nilifuata maelekezo yote ya mtengenezaji: betri ilikuwa imejaa, faili la sasisho nililiweka kwenye kadi nje ya folda zote, na sikugusa kitufe chochote mpaka kamera ilipojiwasha upya. Kabla sijaifikia hata skrini ya kupigia picha, ulitokea ujumbe ulionitaka niweke nenosiri, na kwa kuwa nilikuwa na haraka niliandika herufi za kwanza zilizonijia kichwani. Tangu siku hiyo kamera hunidai nenosiri hilo kila ninapoiwasha. Mimi hupiga picha za ndege, na ndege hamsubiri mtu anayetafuta herufi moja moja kwa vitufe vya mishale. Isitoshe, simu yangu, ambayo awali iliunganishwa na kamera bila taabu, sasa inakataliwa hata ninapoandika nenosiri lile lile.

Ningependa kujua kama ninaweza kuliondoa nenosiri hili bila kujiletea madhara, kama ni busara kurudi kwenye toleo la zamani la programu dhibiti, na kama kurejesha mipangilio ya kiwandani kutanifungulia kamera endapo nitalisahau.

Fundi wa Kamera

Ndugu, nianze na simu, kwa sababu hapo ndipo wengi wanaoniletea kamera zao hukwama. Kamera ya siku hizi haina nenosiri moja tu. Kuna la kuiwasha, ambalo ndilo uliloweka baada ya sasisho. Kuna la waifai ya kamera yenyewe, ambalo kamera hulitunga yenyewe inapojigeuza kituo ili simu ijiunge nayo. Kuna jina la mtumiaji na nenosiri vya kuiendesha kamera kutoka kwenye kompyuta. Na kwa wanaotuma picha moja kwa moja kwenye seva ya FTP, yaani kompyuta ya mbali inayopokea mafaili kupitia mtandao, kuna nenosiri la seva hiyo. Kila moja lina mlango wake. Nenosiri la kuwasha haliwezi kuufungua mlango wa waifai, hata uliandike mara mia.

Yaelekea sasisho limeifanya kamera itunge nenosiri jipya la waifai ilhali simu bado inalikumbuka la zamani. Fungua menyu ya mtandao ya kamera, tafuta ukurasa unaoonyesha jina la waifai na nenosiri lake, kisha uiamuru simu iusahau mtandao huo. Futa pia uoanishaji wa Bluetooth pande zote mbili, kwenye simu na kwenye kamera. Ukifuta upande mmoja tu, ule mwingine utaendelea kung'ang'ania ufunguo uliokwisha kufa, na utadhani kamera imeharibika. Hakikisha programu ya simu nayo imesasishwa, halafu oanisha upya kama vile kamera ni mpya.

Kuhusu kuliondoa nenosiri la kuwasha, miundo hutofautiana. Ipo inayokuruhusu kulizima kabisa, ipo inayokuruhusu kuchagua kwamba liulizwe tu unapofungua shughuli za mtandao, na ipo ambayo ukilizima hukufungia mtandao wote. Tazama kwenye menyu ya mipangilio, sehemu ya usalama, na usome kijitabu cha toleo jipya badala ya kile kilichokuja na kamera, kwa maana cha zamani hakitataja jambo hili. Kwa kazi yako ya ndege, jaribu pia kuiacha kamera ikiwa imewashwa ili ilale yenyewe, kisha uiamshe kwa kubonyeza kitufe cha kupigia nusu. Kamera nyingine hudai nenosiri baada ya kuzimwa tu, wala si baada ya kulala.

Msomaji wa Kanuni

Ningependa kueleza ni kwa nini jambo hili limetokea sasa, kwani litakusaidia kuamua kama urudi nyuma. Umoja wa Ulaya una sheria ya vifaa vya redio, namba 2014/53, na kamera yenye waifai au Bluetooth huhesabiwa kuwa kifaa cha redio, kwa kuwa hutumia mawimbi ya redio. Kanuni ya nyongeza namba 2022/30 iliongeza masharti ya usalama wa mtandao, nayo ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 2025, baada ya kuahirishwa kwa mwaka mmoja. Viwango vya EN 18031 vilivyotungwa kwa ajili ya kanuni hiyo vilikubaliwa kwa mpaka mmoja unaotuhusu hapa: kama kifaa kinamwachia mtumiaji nafasi ya kutoweka nenosiri lolote, mtengenezaji hawezi kutegemea kiwango hicho peke yake kuonyesha kwamba ametimiza sheria. Kwa kuwa mtengenezaji hupenda programu dhibiti moja kwa masoko yote, mtu aliye mbali kabisa na Ulaya naye hujikuta akiulizwa nenosiri. Uingereza nayo ilipiga marufuku manenosiri ya kiwandani yanayofanana katika vifaa vya watumiaji vinavyounganishwa na mtandao kuanzia tarehe 29 Aprili 2024, na jimbo la California lilikuwa limetangulia mwaka 2020.

Hofu hiyo haikuzuka hewani. Mwaka 2019 watafiti wa Check Point, kampuni ya usalama wa kompyuta, walionyesha kwamba kamera ya Canon EOS 80D ingeweza kushambuliwa kwa waifai au kwa kebo ya USB, picha zilizomo kwenye kadi zikafungwa kwa usimbaji fiche, yaani zikageuzwa zisisomeke bila ufunguo, na mwenyewe akadaiwa fidia. Mwanya ulikuwa katika PTP, utaratibu ambao kamera hutumia kuzungumza na kompyuta, na ambao haumuulizi anayeunganisha kuwa yeye ni nani. Canon ilitoa sasisho la kuziba mwanya huo. Kwa hiyo sikushauri urudi kwenye toleo la zamani: kamera nyingi hukataa faili lenye namba ya chini, na hata inapokubali, unaweza kuwa unaurudisha mwanya uliokwisha kuzibwa ili tu usibonyeze vitufe vichache.

Mwandishi wa Picha

Mimi nililisahau nenosiri, na ninaandika ili lisimpate mwingine. Nililiweka usiku baada ya sasisho, nikaiweka kamera mfukoni mwake kwa majuma kadhaa, na nilipoichukua kwenda kazini sikuwa na hata fununu. Kurejesha mipangilio ya kiwandani hakukunisaidia, kwa sababu menyu yenyewe ilikuwa nyuma ya nenosiri, jambo ambalo ukilifikiria lina mantiki: kama mwizi angeweza kulifuta kwa kubonyeza vitufe viwili, lingekuwa na faida gani? Ilibidi kamera ipelekwe kituo cha huduma pamoja na uthibitisho wa ununuzi, nami nikafanya kazi kwa kamera ya kuazima. Iliporudi, mipangilio yangu yote ilikuwa imefutwa.

Lakini picha zangu hazikupotea hata moja. Niliitoa kadi, nikaitia kwenye kompyuta, zote zikasomeka. Nilifurahi, kisha nikaogopa, kwa kuwa mtu mwingine yeyote angeweza kufanya vivyo hivyo. Kamera nyingi huandika kwenye kadi kwa FAT32 au exFAT, mifumo ya kupanga mafaili ambayo kompyuta yoyote huisoma, bila usimbaji fiche wowote, kwa hiyo nenosiri linailinda kamera wala haliilindi kadi. Mwaka 2016 watengenezaji wa filamu na wanahabari wa picha zaidi ya 150 waliyaandikia makampuni makubwa ya kamera, kupitia Freedom of the Press Foundation, shirika linalotetea uhuru wa habari, wakiomba usimbaji fiche ndani ya kamera. Kwangu mimi ombi hilo lina uzito kuliko nenosiri lolote la kuwasha, maana anayekamatwa na picha za watu waliomwamini hukamatwa na kadi.

Nenosiri la kuwasha lina kazi yake, hata hivyo: linaficha yale yaliyohifadhiwa ndani ya kamera, yaani nenosiri la waifai ya nyumbani na la seva ya FTP. Usiiuze kamera wala kuipeleka kwa fundi kabla ya kuyafuta hayo.

Mpiga Picha wa Ndege

Nawashukuru sana. Nimefuta uoanishaji pande zote mbili, na simu imeunganishwa mara moja kwa nenosiri la waifai nililolikuta kwenye menyu. Kamera yangu hairuhusu nenosiri la kuwasha lizimwe bila kuufunga mtandao, lakini haliulizi inapoamka usingizini, kwa hiyo nitaiacha ikiwa imewashwa niwapo kazini na kubeba betri ya ziada. Je, nikihifadhi mipangilio yangu kwenye kadi, nenosiri litahifadhiwa pamoja nayo?

Fundi wa Kamera

Usilitegemee faili hilo kwa manenosiri. Badilisha lile uliloliweka kwa haraka, uchague jipya lenye herufi zinazopatikana kwenye skrini ya kamera bila kuhangaika kubadili kibodi, kisha uliandike mahali pasipokuwa ndani ya mfuko wa kamera.