Kipimo cha LDL iliyooksidishwa kwa mgonjwa wa moyo, kina maana kweli?

Mjukuu wa Pangani
Wakuu habari zenu. Mzee wangu ana miaka 67, mwaka jana alipata shambulio la moyo akawekewa stenti mbili (vibomba vya kuuweka mshipa wazi), yuko kwenye atorvastatini 20, ile statini ya kushusha lehemu, na aspirini. Sasa broo yuko Marekani kapima kitu kinaitwa LDL iliyooksidishwa, yaani lehemu ya LDL iliyoharibiwa na oksijeni, ikatoka juu, na tangu siku hiyo simu haikatiki, anasema hiyo ndio lehemu mbaya yenyewe, LDL ya kawaida haina neno, kwa hiyo mzee naye apimwe hata kama damu itabidi isafirishwe nje, na anataka aache statini aanze vidonge vya vitamini E. LDL ya mzee mara ya mwisho ilikuwa 2.6 mmol/L. Hela tutachanga, ninachotaka kujua ni hiki, jibu likija daktari atalifanyia nini?

Dada wa Maabara
Pole kwa kuuguza. Broo hajakosea kote. LDL ikipenya kwenye ukuta wa mshipa ikakwama mule inachacha, kama mafuta ya kupikia yaliyoachwa wazi, basi seli za kinga zinaiona uchafu zinaimeza, na hazijui kutosheka, zinameza mpaka zinajaa mafuta na kwenye darubini zinaonekana kama povu, zikirundikana ndio unaanza ule uvimbe wa mafuta unaobana mshipa. Watafiti Steinberg na Witztum wa San Diego, Marekani, walishalieleza hili tangu 1989. Na mwaka 2001 Wajapani walionyesha kwamba wagonjwa waliofika na shambulio la moyo walikuwa nayo juu kwenye damu kuliko wenye maumivu ya kifua yaliyotulia.

Ila kazi yote inafanyika ndani ya ukuta wa mshipa, sisi tunachota damu ya mkononi, kwa hiyo tunachopima ni sehemu ndogo tu. Pia vipimo havifanani, kimoja kinashika protini iliyoharibika kingine kinashika fosfolipidi (mafuta ya kwenye gamba la LDL) zilizooksidishwa, ukichukua jibu la broo na la mzee kutoka maabara mbili ukayaweka pamoja hayalinganishiki. Na mara nyingi LDL ikiwa nyingi hii nayo inapanda, yaani unalipa pesa nyingi kuambiwa kitu ambacho kipimo cha kawaida kimeshakuambia.

Mfamasia Mstaafu
Mwanangu, nakuomba sana mzee asiache statini. Hili la vitamini E lilituvutia hata sisi, maana kwa nadharia linaingia akilini kabisa, kama tatizo ni oksidesheni basi zuia oksidesheni. Likajaribiwa. Utafiti wa HOPE wa mwaka 2000 ulikuwa na watu zaidi ya 9,500, yuniti 400 kila siku kwa miaka zaidi ya minne, haikuzidi kidonge kitupu. 2002 Waingereza wakachukua watu 20,536 wakajaribu vyote viwili humo humo, vitamini E, C na beta karotini havikufanya kitu, simvastatini 40 ikapunguza vifo.

Kinachonisumbua ni hiyo 2.6. Kwa mtu aliyeshapata shambulio, mwongozo wa Ulaya wa 2019 unataka ishuke chini ya 1.4. Muulizeni daktari wake kuhusu kupandisha dozi au kuongeza ezetimaibu, dawa nyingine ya kushusha lehemu.

Mjukuu wa Pangani
Asante mzee wangu, asante dada. Kuna jambo sikusema, baba mdogo alianguka akafariki akiwa na miaka 48 na hakuwa mvuta sigara.

Dada wa Maabara
Hapo sasa. Pimeni Lp(a). Ni ndugu yake LDL, inarithiwa, na ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya zile fosfolipidi zilizooksidishwa kwenye damu. Mwaka 2005 timu ya San Diego iliangalia watu 504 waliopigwa picha ya mishipa ya moyo, fosfolipidi hizo zilienda sambamba na mishipa kuziba, hasa kwa wenye miaka 60 kushuka chini, na zilifuatana sana na Lp(a). Inapimwa mara moja tu maishani kwa watu wengi, ikizidi 50 mg/dL mwambieni daktari. Na wewe upime, na broo pia.

Mjukuu wa Pangani
Sawa. Kliniki ya mzee ni Alhamisi naenda naye. Nimemtumia broo huu uzi wote, kasoma, kaniuliza tu kama dozi ya mzee ikipanda aongeze hela ya dawa.