Naomba ushauri: siku mbili Berlin na rafiki yangu, tuna euro 80

Habari zenu ndugu zangu. Nasoma Leipzig, na wiki ijayo rafiki yangu niliyekua naye Lindi anakuja kunitembelea. Tutakuwa Berlin Jumamosi na Jumapili. Kwa wote wawili tuna euro 80. Pa kulala tumeshapata.

Jambo moja siliachi: kumwonyesha yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, kilima cha kwetu Lindi, pale Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe na mambo ya asili. Mifupa ilichimbwa kwetu kuanzia 1909 hadi 1913, wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandarini Lindi. Amesimamishwa, kichwa kiko juu zaidi ya mita 13. Kwao wamesimuliana habari za wale wapagazi miaka yote, kwa hiyo kiingilio hapo tutalipa.

Kwingine natafuta pa bure. Kuba la Reichstag, jengo la bunge la Ujerumani, halina kiingilio, ila nimejaribu kujiandikisha mtandaoni mara tatu, nafasi zimejaa.

Je, tukienda pale asubuhi na pasipoti, tunaweza kupata nafasi zilizobaki? Na tukitaka kuzungukia mji kwa basi namba 100, tukate tiketi ya kutwa au ya safari moja moja? Natanguliza shukrani.